Mjibu Kijana Uliyekuwa, Usimsemee

Kuna swali ambalo waandishi wengi hulimaliza kwa kicheko. Muulize mtu kuhusu alichokiandika akiwa na miaka ishirini na moja, hasa kama aliandika mapenzi. Atacheka, atajishika kichwa, atasema, "Aa, achana nayo, yale mambo ya utoto." Basi, mjadala umefungwa. Lakini swali lenyewe limebaki palepale, halijaguswa. Yale maandishi sasa ni mali ya nani? Ya kijana aliyeyaandika, ambaye hatumpati tena? Ya mtu mzima aliyerithi jina lake, daftari lake na madeni yake? Au ya yule aliyependwa humo ndani, ambaye hakuna aliyemwuliza kama anataka kuwa mhusika kwenye maandishi ya mtu?

Mwaka huu nimelazimika kulijibu. Nina kaunta buku mbili za miaka ya chuo, 2008 hadi 2011, Mlimani, Dar es Salaam. Ndani yake mna makala kumi na mbili. Kwa juujuu ni makala za vitabu: Rosa Mistika, Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini, mashairi ya Kichomi. Ukisoma aya mbili tu unagundua kwamba kila kitabu kilikuwa kisingizio. Kijana yule alikuwa anampenda mtu, na njia aliyoiona ya kumwambia ilikuwa kupitia riwaya za watu wengine. Akimchambua Rosa, anamsemesha yeye. Akimsifu Shaaban Robert kwa kumlilia mkewe Amina, anataka ieleweke kwamba hata yeye ana moyo wa namna hiyo.

Mchapishaji mmoja mdogo anataka kuziweka baadhi ya makala hizo katika mkusanyiko, pamoja na nilizoandika baadaye gazetini. Mhariri wake, mtu mwema na msomaji mzuri, alinipa ushauri mmoja tu: "Haya ya zamani tuyapige pasi kidogo." Alimaanisha tupunguze alama za mshangao, tuondoe neno "moyo" ambalo limejaa kila ukurasa, na tulainishe maoni machache ambayo leo yanasikika ya kitoto. Tarehe zingebaki zilezile. Chini ya makala ingeendelea kuandikwa 2009.

Hapo kwenye tarehe ndipo nilipokwama.

Kazi yangu ni uandishi wa habari, na kazi hii ina mila moja ninayoiheshimu. Gazeti la Jumanne likishatoka, limetoka. Kama kuna la kusahihisha, linasahihishwa kwenye gazeti la Jumatano, kwa maneno yanayoeleweka, na msomaji anaona yote mawili. Hakuna anayekwenda maktaba usiku, akafungua jalada la magazeti ya zamani, akabandika karatasi mpya juu ya ile ya Jumanne. Siku hizi habari ziko mtandaoni na jambo hilo linawezekana kwa kubonyeza mara mbili, wala halimwachii msomaji alama yoyote. Zamani karatasi ilitulazimisha kuwa wakweli. Sasa tumebaki na dhamiri peke yake.

Utasema: habari ni habari, fasihi ni fasihi. Mwandishi wa fasihi ana haki ya kuirudia kazi yake mpaka siku anazikwa. Ni kweli, na mifano mizuri ipo. Ngũgĩ wa Thiong'o alichapisha A Grain of Wheat mwaka 1967, na katika miaka ya 1980 akatoa toleo alilolifanyia marekebisho, kwa sababu mtazamo wake kuhusu wakulima na mapambano ya uhuru wa Kenya ulikuwa umebadilika. Lakini angalia alivyofanya: toleo jipya lilijulikana kuwa ni jipya. Anayelitaka lile la 1967 anaweza kulitafuta, akayaweka mawili mezani, akalinganisha. Kwa hiyo kurekebisha si tatizo. Tatizo ni kurekebisha halafu ukamsingizia kijana maneno ya mtu mzima.

Na maandishi yakiwa ya mapenzi, tatizo linakuwa zito zaidi. Maoni yako kuhusu kodi au kuhusu katiba yanaweza kubadilika kila mwaka na hakuna anayedhurika. Tamko la mapenzi si maoni tu, ni tukio. Mtu akisema "nakupenda" mwaka 2009, amefanya jambo siku ile, mbele ya mtu fulani, akiwa na ujinga na ujasiri wa siku ile. Ujinga huo ni sehemu ya thamani yake. Angekuwa anajua mshahara unaishaje tarehe kumi, au ndugu wanavyoingilia ndoa, pengine asingethubutu. Ukiupiga pasi ujinga huo, umeondoa mikunjo, na umeondoa pia alama za mwili uliokuwa ndani ya nguo.

Hapa nimruhusu kijana mwenyewe aseme kidogo, maana ana hoja. Katika Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi ya mwaka 1971, kitabu kilichowahi kupigwa marufuku mashuleni na baadaye kikasomwa humohumo mashuleni, kuna tukio la barua. Zakaria, baba yake Rosa, anagundua kwamba binti yake ameandikiwa na mvulana, Charles. Anampiga kipigo kikali. Mimi leo ukiniuliza kuhusu riwaya hiyo nitakueleza malezi, pombe ya Zakaria, elimu ya wasichana, unafiki wa jamii inayomtaka msichana awe safi huku wanaume wakimzunguka kama nzi. Kijana wa kaunta buku hakufika huko. Alibaki kwenye barua, kurasa sita nzima. Alishangaa kwamba maneno ya mvulana yanageuka kuwa kosa la msichana kwa sababu tu yameingia mkononi mwa mtu mzima mwenye fimbo. Aliandika kwamba Zakaria hakuisoma kama barua, aliisoma kama ushahidi.

Maneno hayo nimeyarudia mara nyingi tangu nifungue daftari. Mtu mzima anayesoma mapenzi ya ujana wake mwenyewe amekalia kiti cha Zakaria. Nguvu zote ziko kwake. Kalamu nyekundu anayo, kijana hana wakili. Na jambo la hatari kwa Zakaria halikuwa ukali peke yake. Ni ile hakika yake kwamba anajua barua inamaanisha nini kabla hajaisoma. Sisi nasi tukifungua daftari la zamani tunakuja na hukumu tayari mfukoni: utoto huu. Tukishatamka hivyo hatusomi tena, tunachapa.

Waandishi wakubwa walikaa kwenye kiti hichohicho, na kila mmoja alikikalia kwa namna yake. Mmoja ni Goethe wa Ujerumani. Alikuwa na miaka 25 riwaya yake kuhusu kijana Werther ilipotoka mwaka 1774. Kwa sehemu ilitokana na mapenzi yake kwa Charlotte Buff, msichana wa mji wa Wetzlar ambaye tayari alikuwa mchumba wa rafiki yake, Johann Christian Kestner. Kitabu kilisomwa karibu Ulaya nzima. Charlotte na Kestner, ambao walikuwa wameshaoana, wakajikuta midomoni mwa watu wasiowajua. Kestner alilalamika, kwa sababu mhusika Albert, ambaye wasomaji walimwona kuwa ndiye yeye, alichorwa kama mtu mkavu asiye na hisia. Mwaka 1787 Goethe alitoa toleo jingine, na miongoni mwa mabadiliko yake, Albert alipewa heshima zaidi.

Mbali na toleo hilo, hakuwa na hamu ya kuurudia moto ule. Uzeeni, mwaka 1824, alimwambia Eckermann kwamba tangu kitabu kitoke alikuwa amekisoma mara moja tu, na anajihadhari asikisome tena. Wapo wanaouona huo kuwa woga. Mimi naona adabu ndani yake. Mzee alijua kwamba moto ule una mwenyewe, na mwenyewe ni kijana. Alikubali kubadilisha pale palipomwumiza mtu aliye hai, na alifanya hivyo hadharani, katika toleo jipya.

Mwingine ni Dante Gabriel Rossetti, mshairi na mchoraji wa Uingereza. Mkewe, Elizabeth Siddal, alifariki mwaka 1862. Kwa uchungu wake Rossetti alichukua daftari la mashairi yake, akaliweka ndani ya jeneza, mke akazikwa nalo katika makaburi ya Highgate, London. Miaka saba ikapita. Akataka kutoa kitabu cha mashairi, na mengine yalikuwa kule chini. Mwaka 1869 kaburi likafukuliwa usiku, yeye mwenyewe akiwa hayupo, daftari likatolewa likiwa limeliwa na wadudu, likatiwa dawa, na mwaka 1870 kitabu kikatoka.

Watu husimulia kisa hiki kama hadithi ya kutisha, kwa ajili ya jeneza na taa za usiku. Kwangu kinachotisha ni jambo dogo zaidi: kitu kilikuwa kimeshatolewa zawadi. Kama umempa mtu maneno yako kwa mapenzi, unaweza kuyarudia siku ukiyahitaji kwa shughuli zako? Mpenzi wa ushairi atasema ndiyo, maana bila hivyo mashairi yangepotea. Faida hiyo ipo na siikatai. Lakini faida ya wasomaji haijibu swali la kama mwenye zawadi aliulizwa. Hata sheria za hakimiliki katika nchi nyingi zinalitambua jambo hili kwa namna yake: barua ukishaituma, karatasi ni ya aliyepokea, maneno yamebaki ya aliyeandika. Hakuna kati yenu aliye na kitu kizima.

Siddal hakuweza kuulizwa. Wa kwenye daftari langu yupo hai, na ana simu.

Jina lake halimo katika makala, kijana alitumia herufi moja tu, lakini anayemjua atamjua. Anaishi Mwanza, ana mume na watoto wawili. Nilimpigia jioni moja. "Mama Doreen, habari za huko?" Akacheka. "He! Leo mimi ni Mama Doreen? Sema shida yako." Nikamweleza. Akaniambia nimtumie picha za kurasa zote, asome mwenyewe. Siku tatu kimya. Ya nne ikaingia sauti yake kwenye WhatsApp, naiandika hapa kwa ruhusa yake:

"Nimesoma. Nimecheka sana, na kuna mahali nimelia, usiniulize wapi. Baba Doreen nimemsomea mbili, kasema huyu jamaa alikuwa anateseka kwelikweli. Sasa nisikilize. Pale ulipogusia ugonjwa wa mama, toa. Mama yupo, na wajukuu zake wanajua kusoma. Mengine yote acha. Ila hiyo habari ya kupiga pasi mimi sitaki. Yule msichana alikuwa hivyohivyo, na wewe ulikuwa hivyohivyo. Ukianza kutuvalisha suti leo, bora usitoe kabisa."

Angalia alichofanya. Ndani ya dakika moja ameomba nifute na amekataza nisifute, na hakujipinga hata kidogo. Ametenganisha vitu viwili ambavyo sisi waandishi tunapenda kuvichanganya. Kuna kufuta kwa ajili ya heshima ya mwingine: mama mgonjwa hakuwahi kuingia kwenye mapenzi yetu, na siri ya mwili wake si pambo la makala. Na kuna kufuta kwa ajili ya sura yako: ili uonekane ulizaliwa na busara. La kwanza ni deni. La pili ni urembo tu, tena unalipiwa na mtu mwingine, kwa sababu ukimbadilisha kijana aliyependa, unambadilisha na msichana aliyependwa. Alipendwa na mtu yule mwenye alama za mshangao. Huyu mwenye aya zilizonyooka hakumpenda, hata hakuwepo.

Kwa hiyo tufanye nini, tuyatoe maandishi ya zamani yakiwa mabichi, kama yalivyo, na kunyamaza? Hapana. Kunyamaza nako kuna udanganyifu wake, hasa kama leo unaamini jambo tofauti. Ipo njia nyingine, na ni ya zamani sana.

Dante wa Florence alikuwa anakaribia miaka 30 alipokusanya mashairi aliyomwandikia Beatrice, ambaye alikuwa amefariki mwaka 1290. Kitabu chenyewe kinaitwa Vita Nuova, yaani Maisha Mapya. Mashairi ya ujana yamewekwa humo, na pembeni yake mtu mzima kidogo anazungumza kwa nathari: hili lilitokea lini, nililitunga nikiwa katika hali gani, limegawanyika vipi. Sauti mbili ndani ya kitabu kimoja, na kila moja ina mahali pake. Miaka kadhaa baadaye, katika kitabu kingine, Convivio, alikirudia kitabu kile cha kwanza na akasema hataki kukishushia hadhi kwa namna yoyote. Kwa maelezo yake, moto ulikifaa kile na utulivu unakifaa hiki, kwa kuwa kila umri una usemi wake.

Nasi tunaye wa kwetu. Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini ya Shaaban Robert ni kitabu cha sehemu mbili, na jina lenyewe linazitaja zote mbili. Mtu aliyevuka miaka hamsini hakuifanya sehemu ya kwanza kuwa ya mzee. Aliongeza ya pili. Mke aliyelilia ujanani anabaki analiliwa pale alipoliliwa, na hekima iliyokuja baadaye imepewa kurasa zake yenyewe. Neno "na" lililo katikati ya jina la kitabu hicho linanifundisha kuliko nadharia nyingi nilizosomeshwa. Maisha yangu, na baada ya. Hakuandika maisha yangu yaliyosahihishwa.

Kutokana na hao nimejiwekea kanuni, na ninaiweka hapa ili ijadiliwe. Daftari lako ambalo hujampa mtu, unaweza kulificha, hata kulichoma, ingawa mimi sitakuletea kiberiti. Ulichompa mtu, mwulize kwanza. Kinachomwumiza mtu aliye hai, kiondoe, na onyesha kwamba kimeondolewa. Usichokubaliana nacho, kijibu kwa sauti yako ya leo na tarehe ya leo. Lakini usiingie kwenye koo la kijana ukasema maneno yako kwa sauti yake. Mjibu, usimsemee.

Kuna atakayesema haya ni makuu kwa makala za mwanafunzi ambazo hakuna aliyezisubiri. Labda. Ila maadili ya uandishi hayaanzi siku ukiwa maarufu. Na mimi naona kuna hasara nyingine kubwa zaidi ya uongo. Ukimsemea kijana, hawezi tena kukuuliza kitu. Wa kwangu ana maswali. Katika makala ya mwisho, ya 2011, anauliza kama mtu mwenye kazi na kodi ya nyumba bado anaweza kusoma riwaya ya mapenzi usiku kucha, akaenda kazini na macho mekundu, asione haya. Ningeipiga pasi makala hiyo, swali lingekuwa la kwanza kuondoka, maana ndilo la kitoto kuliko yote. Sasa limebaki, na ninatakiwa kulijibu. Nimeanza jibu mara tatu. Hakuna lililonyooka.

Mhariri amekubali. Makala zitatoka na mioyo yake yote na mishangao yake. Palipokuwa na habari za mama patakuwa na mstari mmoja: aya imeondolewa kwa ombi la familia. Baada ya kila makala kutakuwa na ukurasa wangu, wenye tarehe ya mwaka huu.

Wahenga walisema ujana ni moshi, ukienda haurudi. Hawakusema chochote kuhusu masizi yanayobaki ukutani, na maandishi yetu ya ujana ndiyo masizi yenyewe. Ukuta ni wako, paka rangi ukitaka. Usiandike tu juu ya rangi mbichi kwamba ukuta ulikuwa mweupe hivi tangu mwaka 2009.